Jinsi ya Kusoma Ngome ya Kilimani nchini Italia, Kuanzia Mwamba hadi Meno ya Ukuta

Ukifika kwenye ngome ya kilimani ya Italia, swali la kwanza linalokuja mdomoni ni "ilijengwa mwaka gani?" Liweke kando. Ngome nyingi za aina hii hazina mwaka mmoja. Mnara unaweza kuwa wa karne ya 11, ukuta unaougusa wa karne ya 13, lango la karne ya 14, minara ya duara ya pembeni ya karne ya 15, na yale meno mazuri juu ya ukuta, yanayopigwa picha kuliko kitu kingine chochote, yakawa ya miaka ya 1920. Kinachowezekana ni kujua kipi kilitangulia na kipi kilifuata, kisha kutafuta sababu. Fuata mpangilio huu: mwamba kwanza, halafu lango, ukuta, mnara, matundu, maji, na mwisho mchoro unaoyaunganisha.

Vya kubeba, na vya kuacha nyumbani

Tenga nusu siku kwa ngome ndogo, siku nzima kwa kubwa. Beba futi ya kamba ya mita 30 na futi ndogo ya mita 5, darubini, tochi, dira, timazi (uzi na kipande cha risasi vinatosha), daftari la karatasi za miraba, na penseli za rangi nne au tano. Penseli, si kalamu: utafuta mara nyingi.

Nyundo na tindo viache. Kukwangua chokaa ili uone rangi yake ndani ni uharibifu, hata ukiwa na nia njema. Nchini Italia urithi wa kale unalindwa na amri ya kisheria namba 42 ya mwaka 2004: vitu vya kale vinavyopatikana ardhini ni mali ya serikali, na anayekutana navyo kwa bahati anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24. Kipande cha chungu ukikiona, kiache kilipo, piga picha, toa taarifa.

Kuhusu picha, kinachohitajika ni jua la ubavuni. Asubuhi na jioni mwanga unakwaruza uso wa ukuta na kila shimo na kila mshono unatoa kivuli chake. Saa sita mchana ukuta huohuo unaonekana kama karatasi. Simama ukiutazama ukuta moja kwa moja, weka futi ndani ya picha, na usipige kutoka chini ukiinua simu, kwa sababu mistari itaegemea na vipimo vyote vitapotea.

Anza na kilima

Kabla ya kupita langoni, kizunguke kilima kizima, hata kama ni saa moja ya kutembea. Unatafuta mambo matatu: wapi panapandika, wapi mwamba umekatwa kwa mkono, na wapi maji yanaweza kukusanywa.

Ngome nyingi zimekaa kwenye ulimi wa mlima: pande tatu ni genge, upande mmoja umeungana na mgongo wa mlima. Upande huo mmoja ndio uliokuwa ukiwanyima watu usingizi, kwa hiyo hapo ndipo utakuta handaki lililochongwa kwenye mwamba, ukuta mnene kuliko kwingine, na mara nyingi mnara mkuu wenyewe. Ukikuta mambo yako kinyume, yaani ukuta mnene uko upande wa genge na mwembamba upande wa njia, usifikiri waliojenga walikuwa wajinga. Ama njia imehamishwa, ama ukuta wa mbele ulibomolewa na kujengwa upya wakati vita vilikuwa vimekwisha.

Handaki lina faida ya pili. Lilikuwa pia machimbo: mawe yaliyotoka humo yalipanda moja kwa moja hadi ukutani. Linganisha mwamba wa handaki na mawe ya kuta. Yakifanana, unaiona kazi ya awamu iliyochimba handaki. Mawe ya aina nyingine yamebebwa kutoka mbali, na hilo lina gharama. Lazima kuwe na sababu, kama vile kipindi cha pesa nyingi au jengo la zamani lililokuwa jirani likibomolewa.

Mwamba wenyewe hausimami tuli. Canossa, katika vilima vya Reggio Emilia, ndipo Kaizari mtarajiwa Heinrich IV aliposubiri siku tatu kwenye baridi ya Januari 1077 ili Papa Gregori VII, mgeni wa Matilda wa Canossa, mwenye ngome hiyo, amwondolee adhabu ya kutengwa na Kanisa. Mtu akienda leo anashangaa jinsi mahali palivyo padogo. Ni kwa sababu mwamba ule ni wa mawe ya mchanga yanayomomonyoka, na maporomoko yamekula kingo zake, mbali na ngome yenyewe kubomolewa na watu wa Reggio mwaka 1255. Ukichora ramani ya magofu ya namna hiyo bila kuhesabu sehemu iliyoanguka bondeni, unachora ngome ambayo haikuwahi kuwepo. Kinyume chake ni Bardi, katika milima ya Parma, iliyokaa juu ya jiwe jekundu la jaspi: mwamba mgumu, na umbo la ngome bado linafuata umbo la jiwe kona kwa kona.

Sababu ya watu kupanda vilimani nayo inasaidia kusoma. Tangu mwisho wa karne ya 9 Wahungaria walivamia kaskazini mwa Italia (mwaka 899 walilishinda jeshi la Mfalme Berengario I kwenye mto Brenta), na pwani zilishambuliwa kutoka baharini. Berengario alitoa vibali vya kujenga ngome kwa maaskofu, nyumba za watawa na watu binafsi. Hofu peke yake haielezi yote, kwa kuwa ngome ziliendelea kuongezeka hata baada ya mashambulizi kwisha. Makabaila waligundua kwamba watu waliokusanywa kilimani ni rahisi kuwatoza kodi, kuwahukumu na kuwapangia mashamba. Mchakato huo Waitalia wanauita *incastellamento*, na ulidumu kwa karne ya 10 hadi ya 12.

Hapo kuna mtego unaowanasa wengi. Neno *castrum* kwenye hati za Kilatini za wakati huo mara nyingi halimaanishi nyumba ya bwana yenye minara. Linamaanisha kijiji kizima kilichozungushiwa ukuta, na mwanzoni ukuta huo ungeweza kuwa wa miti na udongo. Kibao cha wageni kikisema "ngome imetajwa mwaka 1004", usiuangalie mnara ulio mbele yako ukadhani ndio uliotajwa. Makao ya bwana, sehemu ya juu kabisa, kwenye hati na midomoni mwa watu huitwa *rocca* au *cassero*, na mnara wake mkuu *mastio*.

Lango: mahali ambapo kila kizazi kiliacha alama

Lango ndilo lililobadilishwa mara nyingi kuliko sehemu yoyote, kwa hiyo kaa hapo nusu saa.

Anza na njia ya kufikia. Mara nyingi barabara ya mwisho inapita chini ya ukuta kwa muda, na ukuta unakuwa upande wa kulia wa anayepanda. Askari alibeba ngao mkono wa kushoto, kwa hiyo ubavu wake wa kulia ndio ulioelekea juu, ukiwa wazi. Usilifanye hili kuwa kanuni. Mteremko ukikataa, mjenzi hakuwa na hiari.

Sasa simama mbele ya mlango na utazame juu yake. Ukiona nyufa mbili ndefu za wima, kila moja upana wa sentimita 20 hadi 30, hizo zilibeba boriti mbili za daraja la kunyanyua. Boriti zilitokeza mbele kama mikono, minyororo ikashika ncha ya daraja, na daraja lilipopandishwa boriti zililala ndani ya nyufa. Pembeni mara nyingi kuna mlango mdogo wa mtu mmoja, *pusterla*, wenye ufa mmoja tu juu yake kwa sababu daraja lake lilihitaji boriti moja.

Hapo sogea karibu na utazame kingo za nyufa. Kama mawe ya pembeni yamechongwa sawasawa na safu zake zinaendelea na safu za ukuta, ufa na ukuta vilijengwa pamoja. Kama mawe yamevunjwa, kingo ni za kwaruzakwaruza na mapengo yamejazwa matofali, ukuta ulikuwepo tayari na mtu alikuja baadaye kuutoboa ili afunge daraja. Tofauti hiyo ndogo, ya upana wa kiganja, inaweza kutenga miaka 100. Ipige picha kwa karibu.

Ukiingia, pitisha tochi kwenye kuta za pande zote mbili. Mfereji wa wima wa sentimita 10 hadi 15 ni wa *saracinesca*, lango la fito nzito lililoshushwa kutoka juu. Panda kwenye chumba kilicho juu ya lango utafute mpenyo wake sakafuni. Mfereji ukiwepo chini na juu hakuna chumba wala mpenyo, sehemu ya juu ya mnara wa lango imejengwa upya. Nyuma ya mlango tafuta shimo refu la boriti ya kufungia: upande mmoja linaingia ndani ya ukuta karibu upana wote wa mlango, upande wa pili ni kifuko kifupi. Likikosekana, huenda mlango wa sasa si mahali pa mlango wa zamani.

Ukuta

Ukuta wa ngome ya Italia mara nyingi ni kuta mbili nyembamba zenye kiini katikati. Waashi walipandisha uso wa nje na uso wa ndani kwa mawe ya kupanga, kisha wakajaza nafasi ya kati kwa vifusi na chokaa. Waitalia huuita *muratura a sacco*, ukuta wa gunia. Unapoona sehemu iliyobomoka inaonyesha mchanganyiko wa kokoto na chokaa, unaona tumbo, na tumbo halikukusudiwa kuonekana: huwezi kulinganisha ufundi wake na uso wa ukuta mwingine.

Kwenye uso mzima angalia mawe, safu, chokaa na mashimo.

Mawe yasiyochongwa au yaliyovunjwa kwa nyundo, yakipangwa kwa safu za kubahatisha, ni ya kawaida katika kazi za mapema. Katika karne za 12 na 13 sehemu nyingi za Italia ya kati zilipata waashi waliochonga mawe madogo ya mraba na kuyapanga kwa safu nyoofu zenye viungo vyembamba. Baadaye, karne za 14 na 15, ubora wa kuchonga unashuka mahali pengi, matofali yanaingia, na lipu inafunika. Huo ni mwelekeo wala si saa ya ukutani: kabaila maskini wa karne ya 13 alijenga vibaya kuliko askofu tajiri wa karne ya 11. Mawe yaliyolazwa kwa mshazari kama mifupa ya samaki, *spina di pesce*, watu hupenda kuyaita ya kale sana. Mengine ni ya kale kweli. Lakini mahali penye kokoto bapa za mtoni, mafundi wa karne yoyote waliona ndiyo njia rahisi ya kuzifanya zikae. Nalo jiwe la Kirumi lenye maandishi likipachikwa ukutani linakuambia kwamba ukuta ulijengwa baada ya Warumi, basi.

Safu zipime. Chagua safu kumi zinazofuatana, pima kimo chake chote pamoja na chokaa, gawa kwa kumi. Rudia mahali pengine kwenye ukuta huohuo, angalau mara tano. Wastani ukiruka kutoka sentimita 18 hadi 26, kuna awamu mbili, au machimbo mawili, na mahali wastani unapobadilika ndipo pa kutafuta mshono. Matofali nayo yanapimwa, lakini si matano wala kumi. Pima angalau 30 katika ukuta mmoja, urefu, upana na unene, chukua wastani. Watafiti wa Liguria, akiwemo Tiziano Mannoni, walionyesha kwamba vipimo vya matofali vilibadilika taratibu na vinaweza kutumika kukadiria tarehe. Kinachoharibu kazi ni kutumia jedwali la Genova kwenye ukuta wa Siena. Kila mji ulikuwa na kipimo chake rasmi, na ulisimamia kipimo hicho chenyewe.

Chokaa ya zamani ina rangi ya maziwa au ya mchanga wa hapo jirani, na ukitazama kwa karibu ina vidonge vyeupe, mabaki ya chokaa ambayo haikuchanganyika vizuri. Ukiona kijivu sawasawa, kigumu, kisicho na vidonge, hiyo ni saruji, na saruji ni ya karne ya 19 au 20. Inatambulika hata kwa mbali: viungo vimesimama nje kama wavu na mawe kati yake yameliwa yakarudi ndani. Sababu ni kwamba chokaa hupitisha unyevu, saruji haipitishi. Maji yaliyozuiwa na kiungo hutokea kwenye jiwe, chumvi inaganda chini ya ngozi ya jiwe, na ngozi inabanduka. Kwa hiyo ukuta ulioliwa zaidi kwenye ngome huwa si lazima uwe wa kale zaidi. Mara nyingi ndio uliokarabatiwa vibaya.

Mashimo ya mraba yaliyojipanga kwa mistari, ya sentimita 10 hadi 15, hayakuwa ya kufyatulia mishale, ingawa waongoza wageni huwaambia hivyo watoto. Ni *buche pontaie*, mashimo ya boriti za jukwaa la waashi. Jukwaa lilipanda pamoja na ukuta, kila mita moja au moja na nusu, kimo ambacho mtu aliyesimama anaweza kuweka mawe bila kujinyoosha. Zifuate safu hizi kwa darubini. Mstari ukiendelea kwa usawa uleule kutoka kona hadi kona, ukuta ulipandishwa kwa mkupuo mmoja. Ukiruka ghafla kwa sentimita 40, hapo kazi ilisimama au timu ilibadilika. Mahali ambapo hakuna mashimo kabisa, ilhali pande zote yapo, uso umevuliwa na kuvalishwa upya. Na usikurupuke kupuuza shimo lenye kipande cha mti ndani: mti huo unaweza kupimwa maabara na kutoa tarehe ambayo jiwe haliwezi kutoa. Andika mahali pake kwa usahihi na uwaachie wenye mamlaka.

Baada ya hayo ndipo utafute mishono. Kanuni ni moja: kinachoegemea kimekuja baada ya kinachoegemewa. Mshono wa wima ulionyooka, mawe ya upande mmoja yasiingiliane na ya upande wa pili, ni kuta mbili zilizokutana. Kona iliyochongwa vizuri ikionekana katikati ya ukuta mrefu, hapo zamani ndipo ukuta ulipoishia na ile ilikuwa kona ya nje. Mshono wa mshazari wenye ngazi ngazi ni sehemu iliyoporomoka ikazibwa.

Kuna mshono mmoja unaostahili kutafutwa kuliko yote, na unaonekana vizuri jua likiwa chini. Tazama theluthi ya juu ya kuta ndefu: utaona mstari unaopanda na kushuka, kama taya, na mawe yaliyo kati ya "meno" ni ya rangi au ukubwa mwingine. Hayo ni meno ya zamani ya ukuta yaliyozikwa pale ukuta ulipoinuliwa. Yanakupa vitu vitatu kwa pamoja: kimo halisi cha ukuta wa kwanza, umbo la meno yake kabla mrekebishaji hajayagusa, na uhakika kwamba ukuta una angalau awamu mbili.

Mnara mkuu

Mastio wa karne za 11 hadi 13 mara nyingi ni wa mraba, kila upande mita 5 hadi 10, kuta za mita 1.5 hadi 2.5 au zaidi. Mlango wake wa kwanza haukuwa chini. Utafute mita kadhaa juu ya ardhi. Waliingia kwa ngazi ya mbao iliyovutwa ndani usiku. Mlango uliopo chini leo karibu kila mara umetobolewa baadaye, na kingo zake zitakuambia kwa njia ileile uliyoitumia langoni. Ndani, hesabu sakafu zilizopotea kwa safu za mashimo ya boriti au kwa vingazi ambapo ukuta unapungua unene. Pima unene kwenye kila dirisha: ukishuka ghafla kwa zaidi ya ulivyotarajia bila kingazi, mnara umeinuliwa.

Rocca Calascio, Abruzzo, kwenye mita 1,460, inafundisha kwa macho tu. Katikati umesimama mnara wa mraba, na kuzunguka kuna ukuta wenye minara 4 ya duara kwenye kona, chini yake ukuta ukiwa umetanuka kama sketi. Mraba ulikuwepo kwanza, mduara ulifuata, kwa sababu duara na mtanuko ni majibu kwa silaha nyingine, yaani mizinga. Lakini tahadhari: duara si ushahidi wa karne ya 15 peke yake. Kaizari Federico II alijenga minara ya duara huko Catania, Sicilia, kwenye Castello Ursino, tangu 1239.

Na kwa kuwa Federico II ametajwa, usitumie Castel del Monte kama kipimo cha ngome nyingine yoyote. Jengo lile la Puglia, linalotajwa kwenye barua ya Januari 1240, lina pembe nane, minara 8, na vyumba 8 kwenye kila ghorofa kati ya ghorofa 2. Halina handaki la ulinzi. Ni la ajabu, liko kwenye sarafu ya senti 1 ya Italia na kwenye orodha ya UNESCO tangu 1996, na halifanani na kitu.

Matundu, meno na mizinga

Tundu la mshale ni jembamba nje na pana ndani. Kabla ya kuliita la mshale, ingia ndani na ujaribu kusimama humo. Pinde zilihitaji nafasi, na *balestra*, upinde wenye kitako kama bunduki, ulihitaji nafasi ya upana. Kama mtu hawezi kuinua viwiko, hilo ni dirisha la ghala. Tundu lenye duara chini na ufa juu, mfano wa tundu la ufunguo, ni la silaha za baruti: duara la mtutu, ufa wa kulengea. Hati ya Firenze ya mwaka 1326 tayari inazungumzia mizinga ya metali, lakini matundu yake yanaonekana kwa wingi kuanzia mwisho wa karne ya 14 na katika ya 15. Kagua pia kama duara limechongwa pamoja na ukuta au limechimbwa chini ya tundu la zamani. Mara nyingi ni la pili.

Safu ya mawe yanayotokeza juu ya ukuta, *beccatelli*, yakibeba ukingo wenye mashimo sakafuni, *caditoie*, ni ulinzi wa kuangusha mawe wima juu ya mtu aliye mguuni pa ukuta. Huenea katika karne ya 14. Ukipanda juu ukakuta beccatelli zipo lakini sakafu haina mashimo, ni pambo, au imezibwa. Torrechiara karibu na Parma, iliyojengwa na Pier Maria Rossi kati ya 1448 na 1460, inaonyesha matofali, minara minne ya kona na ukingo huo ukiwa umekamilika, katika jengo ambalo lilikuwa ngome na makazi ya starehe kwa wakati mmoja.

Kisha meno. Kila kitabu cha wageni kitakuambia kwamba meno ya mraba ni ya Waguelfi, waliomuunga mkono Papa, na yenye mkia wa mbayuwayu ni ya Waghibellini wa Kaizari. Mgawanyo huo unaongoza vibaya kuliko unavyosaidia. Ngome zilibadilisha mikono, fasheni ilizidi siasa, na meno ndiyo sehemu ya kwanza kuanguka na ya kwanza kurekebishwa. Ngome ya Gradara, mkoani Marche, yenye mvuto wote unaousikia, ilikarabatiwa kwa kiasi kikubwa katika miaka ya 1920. Kwa hiyo usitoe hukumu kwa umbo. Tazama chokaa chini ya jino, tazama kama jiwe la jino na la ukuta yamezeeka sawa, na tafuta meno yaliyozikwa.

Mwaka 1494 Mfalme Charles VIII wa Ufaransa alishuka Italia na mizinga ya shaba inayovutwa na farasi, na mwaka 1495 ngome ya Monte San Giovanni ilianguka kwa saa chache. Kuanzia hapo ukuta mrefu ukawa shabaha nzuri. Kazi ya kubadilika ilikuwa imeshaanza: Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, alimtumia msanifu Francesco di Giorgio Martini kwenye ngome ya San Leo, na matokeo ni minara mifupi, minene, ya duara, yenye mtanuko chini na ukanda wa jiwe ulioviringwa mahali mtanuko unapoishia. Ukiuona ukanda huo, uko katika nusu ya pili ya karne ya 15 au baadaye.

Hesabu ya maji

Ua ukiwa na duara la jiwe kama kisima, chungulia kwa tochi. Juu ya kilima mara nyingi si kisima bali tangi la maji ya mvua. Lipu yake ni ya rangi ya waridi, chokaa iliyochanganywa na matofali yaliyosagwa, *cocciopesto*, na pembe zake zimeviringwa ili zisipasuke. Pima ukiruhusiwa. Tangi la mita 4 kwa 3, kina mita 3, linabeba lita 36,000. Watu 40 kwa lita 5 kila mmoja ni lita 200 kwa siku, yaani siku 180. Ongeza farasi 10 kwa lita 30 kila mmoja: jumla inakuwa lita 500, na tangi linaisha kwa siku 72. Ndiyo maana farasi walitolewa kabla ya kuzingirwa. Tangi likiwa dogo mno kwa ukubwa wa ngome, lipo lingine ambalo hujaliona.

Kuunganisha

Ukirudi mezani, kila kipande cha ukuta kipe namba na rangi. Andika uhusiano tu: 4 inaegemea 2, 7 inaikata 4, 9 inaiziba 7. Panga namba kutoka chini kwenda juu, ya zamani chini, kwa mistari inayounganisha. Ni njia ya mwanaakiolojia Edward Harris ya mwaka 1973, iliyobuniwa kwa mashimo ya uchimbaji na ikahamia kwenye kuta. Namba mbili zisizogusana usizilazimishe. Ziache pembeni zikielea. Mduara ukijitokeza, 4 kabla ya 7 na 7 kabla ya 4, umekosea mshono mmoja, rudi uangalie.

Tarehe ziingie mwisho kabisa, na ziandikwe kwa "kabla ya" na "baada ya": tundu la ufunguo linaukata ukuta wa 4, kwa hiyo ukuta wa 4 ni wa kabla yake, saruji iko chini ya meno ya 9, kwa hiyo meno hayo si ya kabla ya karne ya 19. Hati ikisema mwaka 1259 na mchoro ukisema mnara ulikuja baada ya ukuta wenye matundu ya baruti, andika vyote viwili kando kwa kando, kisha usome hati upya uone kama ilisema *turris*, yaani mnara, au ilisema *castrum*.